Mahali Alipolia Yuliana

Katika miaka kumi na sita ya maisha yake, Yuliana Selestini hakutumwa dukani hata mara moja.

Nyumbani kwao Buzebazeba hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Watoto wa majirani walitumwa chumvi, walitumwa mkaa, walitumwa kurudisha ungo wa watu. Asubuhi na jioni kijia cha bombani kilijaa ndoo. Yuliana alikaa kwenye kigoda mlangoni, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwa la utosi, akawatazama wakienda na akawatazama wakirudi. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Macho yake yalikuwa na umanjano kwa mbali, vidole vyembamba, na maumivu yalipomwingia mifupani alijikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, asiweze hata kulia.

Alipokuwa na miaka minne daktari aliwaambia mambo matatu: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asifanye kazi nzito. Mama yao, ambaye wakati huo alikuwa hai, aliyarudia yote matatu njia nzima asije akayasahau. Lakini neno "nzito" lilidondoka mahali fulani kati ya hospitali na Buzebazeba, na walipofika nyumbani lilikuwa limebaki "asifanye kazi." Miaka miwili baadaye mama alifariki, na binti yake mkubwa, Joanitha, akamrithi mdogo wake pamoja na amri hiyo.

Joanitha alikuwa kidato cha nne. Alimaliza mtihani, akavua sketi ya shule, akafunga kanga, na hakuifungua tena. Kila asubuhi alishuka mwaloni Kibirizi, wavuvi wanaposhusha samaki, kununua migebuka mibichi ya ziwani. Jioni aliikaanga barazani na kuwauzia wapita njia. Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Katikati ya hayo yote alikuwa na mtoto wa kulinda, na alimlinda kwa neno moja. Yuliana akishika ufagio: "Weka chini, pumzika." Akiinama kuokota sufuria: "Acha hiyo, mama, pumzika." Hata akisimama tu mlangoni kutazama mvua: "Umesimama sana. Pumzika."

Mama Nehemia, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyempa jina.

"Bi harusi wetu ameamkaje?"

"Shikamoo, mama. Ameamka."

"Marahaba. Sisi wenzako tulikaa ndani siku saba tukatolewa tukapewa jembe. Wewe mwaka wa kumi huu unaletewa chai!"

"Bwana harusi ndiye aliyechelewa, mama," Yuliana alijibu. "Nadhani amekosa nauli."

Mama Nehemia alicheka mpaka akashika kiuno. Yuliana naye alicheka. Joanitha, akiwa jikoni, alimshukuru Mungu kwamba mtoto anacheka.

Kitabu kilifika mwezi wa pili. Alikileta Shadia, msichana wa Ujiji aliyekaa naye dawati moja, siku Yuliana alipokuwa hajaenda shule wiki nzima. Kilikuwa riwaya ya mapenzi, jalada lake limeunganishwa kwa plasta, msichana amefumba macho na ua jekundu kifuani. Ndani yake binti aitwaye Zaituni anapendwa na daktari kijana aitwaye Feliksi, na kumbe moyo wake una tundu. Wanachumbiana, anaugua, wanafunga ndoa kitandani, anafariki. Wasichana wa kidato cha tatu walikuwa wamekisoma karibu wote, na walikuwa wamekiwekea sheria.

"Ukilia, unaandika jina lako palepale ulipolia," Shadia alieleza. "Kwa penseli. Mahali pamoja tu. Hakuna kusaini mara mbili, na hakuna kudanganya."

"Na asiyelia?"

"Hajatokea."

Joanitha, aliyekuwa akimenya vitunguu, aliuliza kama kitabu chenyewe kina mambo ya aibu. Shadia akaapa kwamba hakina, wanashikana mikono tu, tena mmoja ana dripu. Basi kikaruhusiwa.

Kwa siku nne Yuliana alisoma akiwa amelala, goti moja juu, na Joanitha alisikia kutoka chumbani sauti ambayo hakuitarajia: kicheko.

"Dada!"

"Eee."

"Huyu Zaituni anaumwa mwaka mzima hajatapika hata siku moja."

"Labda hawakuandika."

"Na kila akizimia anadakwa na Feliksi. Mimi mbona nazimia chooni?"

"Sasa wewe unataka nani akudake chooni? Una adabu wewe?"

"Tena anazidi kupendeza! Ukurasa wa tisini amekonda, eti amekuwa kama malaika. Ugonjwa wake ulipitia saluni kwanza." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Hawajaandika harufu, dada. Wangeandika harufu ya shuka, Feliksi angekimbia."

"Nani atanunua kitabu cha harufu ya shuka? Funga hicho, upumzike."

Siku ya tano Joanitha alipopeleka uji alikikuta kitabu kimefungwa juu ya mto, na Yuliana anatazama ukutani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umelia?"

"Nimelia."

"Ehe! Na maneno yako yote yale. Wapi? Pale alipokufa?"

Yuliana akageuka. Usoni alikuwa na tabasamu la mtu aliyeficha kitu na anataka kitafutwe. "Kimo humo. Tafuta mwenyewe."

"Nitatafuta," Joanitha alisema, akaweka uji, akarudi kwenye mafuta yake. Alikusudia kweli. Ila kesho yake samaki walikuwa wengi, keshokutwa kulikuwa na mazoezi ya kwaya kwa ajili ya Kwaresima, na kitabu kikabaki chini ya mto.

Jambo la samaki walioungua lilitokea jioni moja ya wiki ileile. Joanitha alikuwa na migebuka sita kwenye karai, mafuta yanachemka, mara akaona kopo la chumvi ni tupu. Duka lilikuwa nyumba ya nne. Yuliana, kwenye kigoda chake, akasimama.

"Nitume mimi, dada."

"Wewe kaa."

"Nyumba nne tu. Nitembee kidogo."

"Upepo wa ziwa huo, huuoni? Kaa, pumzika. Naruka mara moja."

Akaenda mwenyewe. Dukani kulikuwa na foleni, na muuzaji alikuwa anatafuta chenji. Aliporudi moshi ulikuwa umejaa baraza, samaki wote sita weusi kama makaa, na Yuliana amekaa palepale, mikono mapajani, anawatazama.

"Uliniambia nisiguse moto," alisema.

Joanitha alilitazama karai. Mtoto mwingine yeyote angekula kofi. Akashusha pumzi. "Basi, si neno. Nitakaanga wengine."

"Hata hunigombezi."

"Nikugombeze kwa lipi, mama? Wewe unaumwa."

Yuliana aliingia ndani, na Joanitha akadhani ni moshi uliomsumbua macho.

Mvua za mwezi wa nne zilikuja na baridi. Kifua kikambana Yuliana, akalazwa. Wanakwaya watatu walitoa damu, Padri akaja na mafuta matakatifu, na Joanitha alisali rozari kwenye benchi la wodi mpaka shanga zikamwachia alama kwenye kidole. Sala yake ilikuwa fupi: mtoto asiteseke, mtoto asichoke. Siku nne baada ya Pasaka, maua ya altareni yakiwa hayajanyauka, Yuliana alifariki saa tano asubuhi. Kabla ya hapo aliomba maji. Joanitha alimnywesha kwa kijiko, akamfuta mdomo, akamwambia neno lilelile alilomwambia siku zote.

Watu walikuja kwa wingi. Kila aliyeingia alishika mkono wa Joanitha na kusema kazi ya Mungu haina makosa, naye akaitikia kwamba haina. Alilisema neno hilo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama mtu anayemeza vidonge. Watu walipoondoka aliona kwamba hawezi kulisema akiwa peke yake. Kanisani alisimama na kwaya, akafungua mdomo, na sauti ya pili haikutoka. Wenzake waliimba, yeye akasimama tu na kitabu cha nyimbo. Hakuwa amemkana Mungu. Angekuwa amemkana angepata nafuu, maana asingekuwa na wa kumuuliza. Kilichomtesa ni kwamba alikuwa bado anaamini, na aliyemwamini hakujibu.

Baba yao, Mzee Selestini, alikuwa fundi wa boti pale Kibirizi. Hakusema mengi. Alirudi siku moja na ubao wa mninga uliobaki kwenye kazi, akautengeneza msalaba uani, akaupiga randa mpaka ukang'aa, akauegemeza ukutani.

"Andika wewe," alimwambia Joanitha. "Wewe umesoma, una mwandiko. Mimi nitaharibu."

Alimletea kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo. Joanitha aliandika jina: Yuliana Selestini. Akaandika tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Chini ya hapo paliachwa nafasi ya maneno ambayo yapo kwenye kila msalaba makaburini, na alipofika hapo akaishusha brashi. Akafunika kopo. Kila jioni baba alipita, akautazama msalaba, akapita.

Wiki ya tano Shadia alikuja. Alisimama nje ya baraza, ushungi wake wa shule umeloa jasho, akaamkia mara mbili bila kuingia.

"Dada Joanitha, naona aibu kusema."

"Sema."

"Kile kitabu. Si changu peke yangu, wenzangu wananidai zamu. Lakini kama hujawa tayari, basi."

Joanitha alikuwa amekisahau. Kukumbuka kulimjia kama pigo la mgongoni. *Kimo humo. Tafuta mwenyewe.*

"Njoo Jumamosi mchana," alisema. "Nitakuwa nimekiona."

Jumamosi hakwenda mwaloni. Alikitoa kitabu chini ya mto, ambao bado ulikuwa na shimo dogo la kichwa, akakaa kwenye kigoda cha mlangoni. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua kilichomliza Yuliana, naye alikuwa amekiandika humu, na leo kitabu kinaondoka. Asipopapata mahali hapo leo hatapajua tena.

Alianza na kifo. Ukurasa wa mia moja thelathini na moja: Zaituni anafumba macho, Feliksi ameshika mkono wake. Pembeni palikuwa na majina kama kwenye daftari la mahudhurio, yamepandana, mengine yameandikwa kwa kupindisha kufuata ukingo. Aliyapitia kwa kidole. Shadia alikuwepo. Anifa alikuwepo, na Sia, na wengine kumi na mmoja. Yuliana hakuwepo.

Akajaribu ndoa ya kitandani. Majina manne. Hakuwepo. Akajaribu barua ya mwisho. Akajaribu mahali ambapo mama yake Zaituni anapiga magoti katika ushoroba wa hospitali akimwomba Mungu amchukue yeye badala ya mtoto. Hapo macho yake mwenyewe yaliona ukungu, na alikuwa na hakika kwamba ni hapa, lazima iwe hapa. Palikuwa na jina moja la msichana asiyemfahamu.

Jua lilishapita paa. Labda alidanganya, alifikiri. Labda alisema amelia ili nimwache. Akarudi mwanzo, akaanza kusoma neno kwa neno, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga.

Hakwenda mbali. Ilikuwa ukurasa wa tisa, kabla ya Feliksi, kabla ya moyo wenye tundu, wakati Zaituni bado ni msichana mzima ambaye mwandishi anamtambulisha tu ili hadithi ianze. Hakuna kitu kinachotokea katika ukurasa huo. Zaituni amesahau maziwa jikoni yakamwagika, na mama yake anatoka na mwiko mkononi. *Mtoto gani wewe, akili zako umezianika wapi? Hebu inuka hapo ukachote maji, na usinirudie na ndoo nusu!* Zaituni anabeba ndoo na kwenda zake, ananung'unika. Mistari sita, basi.

Pembeni, kwa penseli iliyochongwa vizuri, peke yake katika ukurasa mzima: Yuliana S. Na chini ya maneno *usinirudie na ndoo nusu* ulipita mstari mmoja, na karatasi hapo ilikuwa imevimba kidogo, kama karatasi inavyokuwa ikilowa na kukauka.

Joanitha aliyasoma maneno yale mara tatu kabla hayajamwingia.

Kisha yakaingia yote pamoja. Aliona samaki sita weusi. Alisikia *nitume mimi, dada*. Alisikia *hata hunigombezi*. Aliona kigoda, na kijia cha bombani, na watoto wenye ndoo wakipita mbele ya macho yale ya manjano asubuhi na jioni, kwa miaka kumi. Mtoto wa nyumba hutumwa. Mgeni ndiye hatumwi. Mgeni huambiwa kaa, pumzika. Alikuwa amemlea mdogo wake kwa mapenzi yote aliyonayo, akamlea kama mgeni, na mgeni akaaga.

Nyumba nne tu. Angevaa sweta.

Alitaka kusali. Alijaribu kuanza na jina la Baba, akakwama, kwa sababu aliikumbuka sala ya wodini: mtoto asichoke. Hilo alikuwa amepewa. Ndilo pekee alilokuwa amepewa.

Akainuka. Hakujua atafanya nini mpaka alipojisikia akikifanya. Aligeukia mlango wa chumba, pazia limeshuka, akaita kwa sauti ya juu, sauti kali ambayo hakuwahi kuitumia katika nyumba ile:

"Yuliana! Unafanya nini humo ndani? Inuka ukachote maji! Na usinirudie na ndoo nusu!"

Pazia halikutikisika. Upande wa pili wa ukuta Mama Nehemia, aliyekuwa akitwanga, aliacha kutwanga.

Nyuma yake Joanitha akasikia mlio wa mpini wa ndoo. Alipogeuka aliona ndoo ya barazani haipo, na kwenye kijia, mgongo wa Shadia unakwenda mbio kuelekea bombani. Alikuwa amefika wakati uleule, akasikia mtu mzima anaagiza maji. Jina hakulisikia, au alilisikia. Mtoto aliyelelewa akisikia hivyo habagui aliyeitwa ni nani.

Alirudi anahema, mkono mmoja umeinuliwa kupata mizani.

"Maji yamekatika, dada. Nimepata haya tu."

Joanitha alifungua mdomo kumwambia akae, apumzike, maana ndilo neno lililokuwa mbele ya ulimi siku zote. Hakulitoa; akaokota kitabu. Shadia akabaki amesimama.

"Kitabu hiki hapa," Joanitha alisema hatimaye.

"Aliandika?"

"Aliandika."

Shadia alisita. "Pale mwisho?"

"Si mwisho. Mwanzoni kabisa."

"Mwanzoni kuna nini cha kuliza?"

Joanitha alimnyooshea kitabu. Shadia alikipokea kwa mikono miwili, akasema Mungu awape subira, akaondoka. Ndoo ilibaki katikati ya baraza. Ilikuwa nusu. Joanitha aliitazama mpaka maji yakatulia, na hapakuwa na mtu wa kugombeza.

Baba alirudi kabla jua halijazama. Aliweka kikapu cha vyombo vyake, akanywa kikombe cha maji kutoka ndoo ileile, akaenda kusimama mbele ya msalaba.

"Hujamaliza."

"Nimemaliza, baba. Jina lipo, tarehe zipo."

"Na maneno?"

"Tuyaache."

"Msalaba wa mtoto wangu uwe nusu?"

Neno hilo lilimchoma Joanitha, lakini baba hakujua. Joanitha alitazama chini. "Nimemwambia apumzike tangu akiwa na miaka sita, baba. Kila siku. Nimwambie tena na huko?"

Mzee Selestini alipitisha kidole juu ya jina. Kisha akasema jambo kwa Kiha, lugha yao, taratibu, kama anaongea na ubao, halafu akarudi kwenye Kiswahili. "Sasa tuandike nini, mwanangu? Una neno lingine?"

Alitafuta. Alipita katika nyimbo zote za kwaya, katika sala zote alizozijua, na katika yale aliyofundishwa shuleni. Kila neno alilolipata lilikuwa la mtu aliye hai. Inuka. Kachote. Nenda, urudi.

"Sina," alisema.

"Basi andika lililopo."

Aliketi chini mbele ya msalaba, akafungua kopo. Rangi ilikuwa imefanya utando juu. Akautoboa kwa mpini wa brashi. Akaandika P, akaandika U. Herufi zilitoka zimenyooka, nzuri, moja baada ya nyingine, mpaka neno likatimia.